Nukta ya Shahidi

Saa mbili na nusu asubuhi, bucha lilikuwa limefungwa kwa utepe wa manispaa, na gogo la kukatia nyama lilikuwa jeupe.

Inspekta aliliona hilo gogo kabla ya vioo vilivyopasuka na kabla ya doa kubwa pale barazani. Gogo la bucha huwa na rangi yake. Damu huingia ndani ya mti ikakaa humo, na hata likwanguliwe vipi halirudi kuwa kama lilivyotoka kwa seremala. Hili lilikuwa jeupe kama mfupa ulioachwa juani. Aliinama akalinusa: klorini. Akanusa mdomo wa mashine ya kusagia nyama: klorini. Chini ya beseni kulikuwa na ndoo yenye kifuniko. Akaifungua, akaifunga upesi, na ikambidi asubiri macho yaache kutoa machozi ndipo aendelee kuandika.

"Usishangae," alisema mjane wa mwenye bucha. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuvuka kizingiti. "Hapa mtaani walimwita Sabuni. Wateja walikuwa wanamuuliza, Sabuni, leo tumekuja kununua nyama au kufua?"

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na Inspekta alikuwa amekwisha kukisoma katika jalada. Jumanne asubuhi bwana afya wa manispaa alipita hapo na mashine ndogo ya kupimia vinasaba, ile inayotumika tangu mwaka jana kutafuta nyama ya punda iliyochanganywa na ya ng'ombe. Kipimo kikasema punda. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima, umati ukajaa barazani, na Sabuni akapigwa mbele ya bucha lake kwa mateke, kwa mawe, na kwa vyuma vya mizani yake mwenyewe. Alikata roho hospitali jioni ile. Mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda mnadani kununua ng'ombe, alijifungia katika chumba cha baridi. Polisi ndio waliomtoa, hawezi hata kutamka jina lake kwa kutetemeka. Tangu hapo alikuwa mahabusu. Leo, Ijumaa, saa tisa alasiri, angepandishwa kizimbani kwa kuuza nyama ya punda kwa udanganyifu.

Kuhusu waliomuua Sabuni, jalada lilikuwa na karatasi moja. Mtaa mzima ulikuwepo, na mtaa mzima haukuona kitu.

Mkuu wa kituo alimkabidhi jalada hilo asubuhi hiyo hiyo na kumweleza, bila kuzunguka, kwamba kazi iliyobaki ni kulipanga vizuri tu. Mdogo mtu akitiwa hatiani, alisema, hasira za umati zitaeleweka, na hapatakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini hajakamatwa yeyote. Inspekta alijibu kwamba atalipanga. Hakusema atalipangaje.

Mjane alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Alisema mumewe hakuwahi kuchinja punda, kununua punda, wala kusimama karibu na punda. Alisema adui yake anajulikana: Mnofu, mwenye bucha la ng'ambo ya barabara, ambaye alfajiri ya Jumanne alionekana akishusha kiroba kizito nyuma ya bucha hili. Inspekta akauliza ni nani aliyemwona. Mjane akasema alimwona yeye mwenyewe, kwa macho yake mawili, akiwa anafungua dirisha la jikoni kwake, nyuma ya bucha.

"Na wewe mama, unataka nini kwangu?"

"Mume wangu nimeshampoteza, mwanangu. Huyo humrudishi." Mjane alitazama ukuta wa nje, ambako mtu alikuwa ameandika PUNDA kwa mkaa, herufi zimesimama kama za mtoto wa shule. "Shemeji yangu nilimkuta nyumba hii bado anakojoa kitandani. Mama yao alikuwa ameshafariki. Nimemlea mimi. Nirudishie huyo. Na uniondolee hilo neno ukutani."

Inspekta alichukua kipamba, akakichovya kwenye ile ndoo ya klorini, akakipitisha kwenye mdomo wa mashine ya kusagia, akakitia kichupani na kukifunga. Kisha akavuka barabara.

Bucha la Mnofu lilijitambulisha kabla mtu hajaingia. Gogo lake lilikuwa jeusi. Mashine ya kusagia ilikuwa na mafuta yaliyoganda shingoni tabaka juu ya tabaka, na nzi walikuwa wametulia humo kama wapangaji waliokwisha kulipa. Mnofu mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kicheko. Hakukana kiroba. Kilikuwa na mifupa ya mbwa, alisema. Huwa anamwekea mlinzi wa ghala, na mlango wa ghala uko nyuma kwa Sabuni, sasa angekipitishia wapi?

Inspekta akaenda mpaka kwa mlinzi. Akawaona mbwa, watatu, wanene kuliko bwana wao. Akakiona kiroba, na ndani yake magoti na miguu minne iliyokatwa, kwato zake zimepasuka katikati. Kwato ya punda haipasuki. Akaandika hivyo, akapiga mstari juu ya jina la Mnofu, na njia hiyo ikafia hapo.

Lakini alirudi bucha lile kwa swali moja. Je, Jumanne bwana afya alimpima na yeye?

"Alianza na mimi," alisema Mnofu. Aliipiga kofi mashine yake ya kusagia, nzi wakaruka wakarudi. "Kafuta kipamba hapa, ndugu yangu, samahani, afande. Katia kwenye dude lake. Akasema, safi. Mke wangu alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Hii mashine haijaona maji tangu niinunue."

"Halafu akaenda kwa Sabuni."

"Moja kwa moja. Sabuni alikuwa ndio kwanza anaosha, mashine inachuruzika. Nilimsikia anamwambia, bwana afya, subiri nisuuze. Yule akasema hana siku nzima." Kicheko cha Mnofu kilikuwa kimekwisha chenyewe. "Sabuni ndiye aliyekuwa ananiambia mimi, kwa uchafu huu iko siku utaua watu."

Inspekta akamuuliza umati ulipokuja yeye alikuwa wapi.

Mnofu alipanga visu vyake, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. "Nilifunga mlango," alisema. "Kwa ndani."

Ofisi ya bwana afya ilikuwa kwenye jengo la manispaa, chumba chenye meza mbili na kabati moja la chuma lililokataa kufungika. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, na alianza kwa kujitetea kabla hajaulizwa. Yeye ni mtumishi. Alipima kama alivyofundishwa. Alichukua kipamba, akakikoroga kwenye kichupa cha dawa, akakipasha joto kwa muda unaotakiwa, akadondosha tone moja juu ya kadi, akaitia kadi kwenye mashine. Namba ikashuka. Mashine ndiyo iliyosema, si yeye.

Inspekta akataka kuonyeshwa. Mashine ilikuwa kama simu nene ya zamani yenye mdomo mwembamba chini. Bwana afya alimweleza kwamba inapitisha umeme mdogo sana kwenye kadi na kuhesabu ni kiasi gani kinachopita. Namba ikibaki juu, hakuna punda. Ikishuka, punda yupo.

"Yaani ikinyamaza ndio imekubali."

"Ndivyo ilivyotengenezwa, afande. Sikuitengeneza mimi."

"Na ikinyamaza kwa sababu imekufa?"

Bwana afya alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Haijafa. Mbona kwa Mnofu ilisema?"

Kadi ya Jumanne ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kielelezo namba moja. Ilikuwa ukanda mwembamba wa plastiki nyeupe wenye nukta moja ya dhahabu. Inspekta aliigeuza kwenye mwanga. Upande wake mmoja, pembe zilikuwa za duara, laini, za kiwandani. Upande wa pili pembe zilikuwa kali, na ukingo ulikuwa na vinyuzi vya plastiki vilivyochomoza. Alipitisha ukucha juu ya mfuko, akavihisi.

Akaomba kadi mpya. Bwana afya akavuta mtoto wa meza, na humo kulikuwa na kadi kadhaa nyembamba, zote zina pembe mbili za duara na mbili kali. Kando yake, mkasi.

"Nataka ambayo haijakatwa."

Ilichukua muda. Hatimaye alitoa bahasha ya karatasi ya fedha ambayo haijafunguliwa, na kadi iliyotoka humo ilikuwa pana maradufu. Nukta za dhahabu zilikuwa mbili, bega kwa bega.

Maelezo yake yalitoka taratibu, na hayakuwa na ubaya ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mashine ya kwanza ilinyeshewa na mvua ikafa. Wakaletewa nyingine kutoka wilaya jirani, ya toleo la nyuma, mdomo wake hauingizi kadi pana. Kadi zipo, kazi ipo, wakubwa wanataka taarifa kila mwezi. Akachukua karatasi ya maelekezo akaisoma yote. Yeye si mtu wa kubahatisha.

"Imeandikwa nukta ya kwanza inapima punda. Ya pili, imeandikwa, haitakiwi kubadilika kwa nyama yoyote." Alifungua viganja vyake. "Nikafikiri, kitu kisichobadilika kina kazi gani? Nikaikata."

Inspekta aliandika sentensi hiyo kama ilivyo, akamgeuzia daftari aisome, akaisoma, akasema ndiyo.

Kisha akamuuliza kuhusu utaratibu. Kipimo kikisema punda, anayeambiwa kwanza ni nani? Bwana afya alijibu kama aliyekariri: maabara. Nyama inachukuliwa, inafungwa, inapelekwa kupimwa upya, na mpaka majibu yarudi hakuna anayeambiwa kitu, mwenye bucha wala mteja. Nyama ya Sabuni ilichukuliwa? Ilichukuliwa, iko kwenye friji la manispaa. Ilipelekwa maabara? Haikupelekwa. Kwa nini? Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na kipimo kilikuwa kimekwisha kutoka.

"Sasa mtaa ulijuaje?"

Feni ya dari ilizunguka. Bwana afya aliangalia mkasi wake.

"Nilimtania," alisema.

"Ulimwambiaje?"

"Tunajuana miaka mingi, afande. Tulikuwa tunataniana."

"Ulimwambiaje?"

"Nilisema, Sabuni, nyama yako leo si ya kupika, ni ya kubebesha mzigo."

"Walikuwepo wateja?"

"Wanne. Watano."

"Walicheka?"

Alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayejaribu kukumbuka hesabu. "Wawili walicheka," alisema.

Inspekta akasaini kuchukua nyama iliyogandishwa, mashine, na ile bahasha ya fedha, akaondoka. Bwana afya alimfuata mpaka kwenye ngazi akitaka kujua kama atahitaji wakili. Inspekta alimwambia kwamba hajui, na huo ulikuwa ukweli. Katika sheria zote alizozisoma hakukumbuka kifungu kinachohusu mkasi.

Maabara iliyotengeneza kadi zile ilikuwa upande mwingine wa mji. Mwenye nayo alikuwa mwanamke ambaye wafanyakazi wake walimwita Dakta, mwembamba, mwenye koti lililochafuka wino mfukoni. Aliposikia kesi ni ya Sabuni aliwaambia vijana wake watoke wakanywe chai, ingawa haikuwa saa ya chai.

Inspekta alitaka kuelewa kabla ya kupima, na Dakta alieleza vizuri, kama watu wanavyoeleza kitu walichokipenda. Juu ya nukta ya dhahabu, alisema, wamepanda nyuzi fupi za vinasaba, fupi mno hata hadubini ya kawaida haizioni. Kila uzi umefungwa dhahabuni kwa mguu mmoja, na kwenye ncha yake ya juu una tone la rangi ya buluu inayopitisha umeme. Uzi ukiwa peke yake ni laini, unachezacheza, ncha inaigusa dhahabu, umeme unapita. Herufi za uzi huo zimepangwa zilingane na za punda tu. Akija mwenzake wa punda, wanajisokota pamoja, uzi unakakamaa kama fimbo, ile ncha ya buluu inasimama mbali. Umeme unapungua. Ndiyo maana namba inashuka.

"Na nukta ya pili?"

"Ina nyuzi vilevile, rangi vilevile. Lakini herufi zake hazilingani na mnyama yeyote duniani. Tumezitunga. Kwa hiyo haitakiwi kushuka. Sisi hapa tunaiita shahidi."

"Shahidi akishuka naye?"

"Basi hapo hakuna kipimo. Kuna kitu kimeziua nyuzi zote, za punda na za shahidi. Moto mkali. Asidi."

"Klorini?"

Dakta aliweka kalamu mezani. "Klorini inachoma kila kitu," alisema. "Inaila rangi, inazing'oa nyuzi. Kwa nini?"

Inspekta alisogea karibu. Alifungua mkoba wake akapanga vitu mezani: nyama, kichupa chenye kipamba, bahasha ya fedha. Maabara ilikuwa na mashine yake yenye mdomo mpana. Aliomba vipimo vinne, kila kimoja kwa kadi nzima, na aliandika kila namba kwa mkono wake kabla ya kuruhusu kingine kianze.

Walianza na vinasaba vya punda wa kweli, vilivyohifadhiwa maabara. Nukta ya punda ikashuka mpaka chini kidogo ya nusu, ikatulia. Shahidi akabaki palepale. Wakaweka ng'ombe wa kweli. Zote mbili zikabaki juu. Wakaweka kipamba cha mashine ya kusagia ya Sabuni, kilicholoweshwa kwa maji ya ndoo yake. Dakta alikuwa bado ana kidole kwenye kitufe wakati namba zote mbili zilipoanguka, punda na shahidi pamoja, mpaka sakafuni. Akaitoa kadi akaitazama. Ile dhahabu ilikuwa imepoteza kivuli chake cha buluu.

Cha nne kilikuwa nyama yenyewe. Inspekta aliikata kutoka ndani kabisa ya bonge lililoganda, pasipofikiwa na maji ya ndoo. Wakasubiri ipate joto. Dakta alidondosha tone, akabonyeza.

Zote mbili zikabaki juu.

"Ng'ombe," alisema Dakta.

"Rudia."

Akarudia kwa kadi nyingine, kwa kipande kingine. Ng'ombe.

Inspekta akawasha mashine ya bwana afya na kutafuta kumbukumbu ya Jumanne. Kipimo cha kwanza, kwa Mnofu, kilikuwa juu. Cha pili, kwa Sabuni, hakikusimama chini kidogo ya nusu kama alivyosimama punda wa kweli. Kilikuwa sakafuni. Hata bila shahidi, mwenye kujua angeliona hilo. Alimwonyesha Dakta. Dakta alitikisa kichwa kukubali, polepole.

Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na mitungi ya kioo yenye kadi zilizokwisha kutumika. Inspekta alikuwa amesoma katika maelekezo ya ndani ya bahasha kwamba manispaa huzirudisha kila mwezi. Alisogea karibu na mtungi mmoja. Kadi zilikuwa nyembamba, zote, na kila moja ilikuwa na pembe mbili kali.

"Ulijua," alisema.

"Niliziona."

"Lini?"

"Zilipoanza kurudi." Dakta alivua glavu, moja, kisha ya pili. "Zote zilikuwa zinasema ng'ombe, Inspekta. Kila mwezi, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Kadi iliyokufa inasema punda, haisemi ng'ombe. Kwa hiyo nikajua zile zilikuwa hai. Nikaona hazina madhara."

"Ilikuwa haijatokea bucha safi."

Dakta alizikunja glavu zake.

"Ulimwambia bwana afya aache kukata?"

"Nilikuwa nitamwambia."

Inspekta alimpa karatasi aandike maelezo yake. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, hakuficha lolote, akatia sahihi kila ukurasa. Alipomaliza aliuliza kama ni lazima ile sehemu ya mitungi iwemo. Inspekta alisema imo tayari.

Alifika kituoni kabla ya saa tisa. Mkuu wa kituo alikuwa ameegemea kaunta, ametulia, na alimpokea kwa habari njema. Kazi imekwisha. Mahabusu amekiri.

Karatasi ilikuwa na sahihi ya saa sita mchana. Inspekta aliisoma akiwa amesimama. Mdogo wa marehemu alieleza kwamba punda aliletwa na kaka yake, usiku, kutoka mahali asipopajua. Kwamba yeye alijua. Kwamba alinyamaza kwa heshima ya mkubwa wake.

"Nani alimhoji?"

"Mimi," alisema Mkuu. "Na sikumgusa hata ukucha, ukamuulize. Nilimwambia tu mashine imesema, na mashine haina udugu na mtu. Nilimwambia akikubali atapewa adhabu nyepesi, na kesho atamzika kaka yake. Akikataa, kesi itavuta, maiti itakaa."

Inspekta akaweka majibu ya maabara juu ya ile karatasi. Mkuu alisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa kidole.

"Lakini mtu mwenyewe kakiri," alisema.

"Kakiri jambo ambalo halikutokea, afande. Hakukuwa na punda."

"Sasa kwa nini akubali?"

Swali lilikuwa la haki, na Inspekta alilipeleka kulikohusika. Mahabusu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekaa sakafuni na mgongo ukutani. Inspekta alimwambia kwanza majibu, kwa maneno machache yasiyoweza kueleweka vibaya: nyama ni ng'ombe, mashine ilikosea, atatoka leo. Kisha akamuuliza.

Kijana alijibu bila kuinua macho. Alisema alikaa siku tatu akifikiri. Mashine haikosei, hilo aliambiwa na kila aliyepita mlangoni. Kwa hiyo punda alikuwepo. Na ng'ombe wote alinunua yeye, mmoja mmoja, kwa mkono wake, na hakununua punda.

"Kama mimi sikumleta na yupo," alisema, "basi kaletwa na mtu mwingine mwenye ufunguo. Na mwenye ufunguo mwingine ni kaka tu."

Inspekta aliipitia hoja hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Haikuwa na kosa popote isipokuwa mahali ilipoanzia.

Mkuu alimpigia simu mwendesha mashtaka, na shauri likaondolewa kabla halijaitwa. Alipoweka simu alimwambia Inspekta kwamba amemletea balaa: sasa ni mauaji ya mtu asiye na hatia, na mtuhumiwa ni mtaa mzima. Inspekta alisema kesi hiyo ilikuwepo tangu Jumanne, na kwamba ataanza na wateja wanne au watano waliokuwa kwenye foleni. Mkuu akauliza atawapataje. Inspekta akasema bwana afya anawakumbuka wawili.

Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi la kaunta. Inspekta alidhani ndiyo kwanza anafika, mpaka askari wa zamu alipomnong'oneza kwamba mama huyu yupo tangu mchana. Alimletea shemeji yake chakula, na Mkuu alimsomea yale maelezo ya kukiri, yote, kwa sauti, ili aache kusumbua watu.

Inspekta aliketi kando yake na kumweleza vipimo, kimoja baada ya kingine. Alimweleza kuhusu klorini. Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo angekuwa mchafu angekuwa hai," alisema.

"Ndiyo, mama."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, kijana akatoka, mkono mmoja umeshika suruali isiyo na mkanda. Alimwona akasimama.

"Shemeji."

"Yale maneno uliyasema wewe?" aliuliza mjane.

"Waliniambia mashine haikosei, shemeji. Kila mtu alisema mashine..."

"Mimi sikukuuliza mashine."

Kijana alisogea kwenye kaunta. Askari wa zamu alimsukumia bahasha ya vitu vyake, mkanda, simu, kamba za viatu, akamwonyesha pa kutia sahihi. Aliinama akatafuta kalamu.

Mjane alimgeukia Inspekta. Alitaka kujua kama kwa sheria maiti ni lazima ipokelewe na mwanamume wa ukoo, au mke peke yake anatosha. Inspekta alisema mke anatosha, akiwa na kitambulisho. Mjane alikitoa kifuani, akamwonyesha, akakirudisha. Kisha akatoka, na kijana alipoinua kichwa kutoka kwenye karatasi benchi lilikuwa tupu.

Kwa mujibu wa hospitali, mwili wa marehemu ulitolewa chumba cha maiti saa kumi na robo alasiri. Aliyeupokea alikuwa mtu mmoja.